Mtoto Hakujibu

Burgas, 12 Mei 2004

Mheshimiwa Bwana Lyubomir Parushev,

Hunijui, na najua sasa hivi nyumba yako imejaa watu wenye haki ya kulia zaidi kuliko mimi. Pole sana. Jana asubuhi mama yangu alinipigia simu akaniambia hakimu Zlatina Parusheva amefariki, na kwamba tangazo lenye picha yake limebandikwa Belokamen nzima, posta, duka la dawa, hadi kwenye mlango wa mwoka mikate. Nimeomba ruhusa kazini nije Ijumaa, hawakunipa. Mimi nauza tiketi stesheni ya reli na mwenzangu yuko likizo ya uzazi. Kwa hiyo naandika.

Naitwa Bilyana Tonkova. Mama yangu ni Nevena, yule fundi cherehani wa mtaa wa soko. Huenda umeshasikia alichofanya. Alilichana tangazo la kwenye mlango wa duka la dawa mbele za watu, akalikunja, akalitia kwenye mkoba, akaenda zake. Ameniambia mwenyewe kwenye simu, tena bila kushusha sauti. Kuchana tanzia ya mtu ambaye hata hajazikwa, najua kwetu hilo halina jina. Naomba radhi kwa niaba yake. Lakini nataka pia ujue hasira ile imetoka wapi, maana aliyeisababisha ni mimi.

Mwaka 1987 wazazi wangu waliachana, na mkeo ndiye aliyesikiliza kesi. Nilikuwa na miaka tisa. Siku moja kabla ya hukumu aliniita chumbani kwake, akawatoa watu wote, tukabaki watatu: yeye, mimi, na Tsveta mpiga chapa wa mahakama. Hakuwa amevaa joho. Alikuwa anamenya tufaha kwa kisu kidogo, akanipa nusu, akaniuliza nataka kukaa na nani. Nikamwambia nataka kukaa na baba. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia baba hajui kukaanga hata yai, na mama anajua kila kitu.

Si kwamba nilimpenda baba zaidi. Nilipiga hesabu ya kitoto tu, nani atashindwa nisipokuwepo. Kisha nikaanza kulia, kwa sababu nilijua mama atayasoma maneno yangu. Kila karatasi iliyotoka mahakamani mama aliisoma mara tatu tatu. Mkeo akaweka kisu chini. Akaniambia maneno ambayo sijayasahau hata moja: "Mama yako atakasirika, na mtu akikasirika lazima apate wa kumkasirikia. Wewe utamhitaji mama yako kwa miaka mingi. Mimi simhitaji kwa lolote. Basi acha anikasirikie mimi." Akamgeukia Tsveta akamwambia, "Andika: mtoto aliulizwa, mtoto hakujibu."

Nikapewa baba. Unajua zama zile mtoto alikuwa anapewa mama, labda mama awe mlevi au mgonjwa wa akili. Kwa hiyo mji mzima ukaanza kunong'ona, Nevena amefanya nini hata akanyang'anywa mtoto? Mama akasoma ile karatasi, akaona mtoto hakujibu, akajua basi ni hakimu tu ameamua hivyo kwa roho yake mbaya. Nilipokuwa na miaka kumi na minne aliniuliza kwa nini nilinyamaza siku ile. Nikamwambia niliogopa. Huo ndio uongo wangu, na tangu siku hiyo mimi na mama tumekuwa kitu kimoja. Kila sikukuu tukikaa mezani humtaja hakimu, mimi hunyamaza, naye huona namuunga mkono. Baba, kwa taarifa yako, baada ya miaka minne alioa mpishi wa kantini.

Sikuwahi kuja kumshukuru mkeo. Kila nikija Belokamen nilisema safari ijayo. Sasa imebidi nikushukuru wewe, na nakuomba sana mama yangu asijue. Nilitaka tu mtu mmoja wa nyumba hiyo ajue kwamba yupo mtu mzima hapa Burgas mwenye mama, na mama huyo alipewa na mkeo.

Kwa heshima na masikitiko,
Bilyana Tonkova

*

Belokamen, 18 Mei 2004

Bilyana mwanangu,

Kaa chini kwanza. Ni mimi, Zlatina. Sijafa.

Nimestaafu, ila inaelekea watu wa Belokamen hawajaiona tofauti. Ilikuwa hivi. Tsveta wako yule, ambaye siku hizi ndiye karani mkuu, aliona haifai niondoke kimyakimya baada ya miaka thelathini na minne. Akaandika tangazo zuri tu: kwa shukrani nyingi mahakama inamuaga hakimu wake, Ijumaa saa sita mchana, ukumbi mkubwa, wote mnakaribishwa. Akampelekea mzee Kuzman achape. Sasa mzee Kuzman unamjua. Miaka ishirini hajachapa kitu isipokuwa tanzia na vibandiko vya chupa za mvinyo. Akaona picha yangu bila fremu nafanana na mgombea ubunge, akaitia fremu nyeusi. Akaona chini ya picha pana nafasi, akaandika 1970–2004, miaka yangu ya kazi. Neno "inamuaga" lilikuwemo tayari. Mimi mwenyewe nilipopita posta nikaliona, nilijisikitikia.

Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mwanamke mwenye mvi zote zile amekufaje akiwa na miaka thelathini na minne. Ijumaa wakaja wamevaa nyeusi, na mishumaa, na mawaridi manne manne, sita sita, hesabu shufwa kama apelekewavyo maiti. Na mimi nimesimama mlangoni na gauni la bluu nawapa mkono. Mama mmoja alishaniambia pole kwa msiba ndipo akainua macho. Wengine wawili waliudhika kabisa, wakageuza wakarudi kwao, na siwalaumu, walikuwa wametoka mbali. Tsveta akasimama kando yangu anachomoa ua moja kutoka kila shada ili hesabu iwe ya mtu aliye hai. Ngano ya kuchemsha ya matanga ililetwa masufuria matatu, na tuliila yote, maana ilikuwa na sukari na lozi za kutosha.

Lakini hotuba walikuwa wameshaziandaa, Bilyana. Hotuba za marehemu. Na kwa kuwa walishajisumbua kuziandika, wakazisoma vilevile. Radoy, ambaye nimemfunga mara mbili kwa kuiba magogo ya msitu wa serikali, alisimama na karatasi yake akasema marehemu, yaani mimi, alimuuliza kabla ya kumfunga kama mkewe ana kuni za kumtosha majira ya baridi, na alipojibu hana, nikamsogezea kifungo mbele wiki tatu ili azipasue. Mimi nilishasahau. Nilikaa pale nikalia kama mjinga, na Lyubomir akalia kwa sababu mimi ninalia. Kwa kawaida hakimu husikia maneno hayo akiwa amelala kwenye jeneza, mimi niliyasikia nikiwa na sahani ya ngano mkononi. Nashukuru kuliko ninavyoweza kueleza.

Barua za rambirambi Lyubomir hazifungui. Ananikabidhi zote, anasema yeye hajafiwa na mtu. Ndivyo yako ilivyonifikia, na unisamehe, haikuandikwa kwa ajili yangu.

Nikuambie ukweli. Katika miaka yote ile nimeandikisha uongo mmoja tu mahakamani, na ni mstari ule wako. Hakimu mwingine angenishitaki mimi mwenyewe. Sikujua kama nilikuokoa au nilimnyima mama yako haki yake ya kujua. Kila nilipomwona akipita na vitambaa vyake kwapani, nilijiuliza. Nimeisoma barua yako mara nne na sasa angalau kwa upande wako najua. Kwa hiyo asante ni yangu kwako, usinirudishie.

Sasa habari ya mama yako. Wiki ijayo ni mahafali ya sekondari, na wasichana watano walikuwa wanashonewa magauni kwake. Habari ya tangazo kuchanwa ilipozagaa, mama watatu walikwenda kudai vitambaa vyao, na mkata nyama alikataa kumwitikia salamu. Ndipo jana nikaenda sokoni, nikasimama pale penye watu wengi, nikatoa hukumu yangu ya mwisho bila joho. Niliwaambia, "Tangazo lile lilikuwa la uongo. Katika mji huu mzima ni mtu mmoja tu aliyeliona kuwa la uongo akaliondoa, naye ni Nevena Tonkova. Ninyi wengine wote mlikubali nimekufa bila ushahidi." Walicheka, lakini waliona haya. Kabla ya saa kumi vitambaa vilikuwa vimesharudi.

Kisha nikaona nipite dukani kwake nimsalimu. Akaniona kwa mbali, akavuka barabara.

Mwache hivyo hivyo. Usimwambie kitu. Mmeishi vizuri na mambo yamekaa. Nimestaafu kazi nyingine zote, hiyo moja ya kukasirikiwa bado naiweza.

Wako,
Zlatina Parusheva, aliye hai

*

Burgas, 25 Mei 2004

Mheshimiwa hakimu,

Nilifungua barua yako nikiwa dirishani kazini, na abiria wa treni ya Yambol alisubiri hadi akagonga kioo. Nilikuwa nacheka huku nalia, nikampa tiketi ya Karnobat. Ameandika malalamiko. Sijali. Uko hai, na nimekuambia yale ambayo nisingethubutu kukuambia ukiwa hai. Nikifikiria hivyo masikio yananiwaka, lakini nafurahi. Nimefurahi sana.

Kwa vile ulinisimulia ya Ijumaa, na mimi nikusimulie ya Jumapili. Mama alipiga simu. Magauni yote matano yamekwisha, na mkata nyama amempa nyama nzuri bila kuombwa. Nilidhani atakuwa na furaha. Badala yake amekosa raha kabisa. Aliniambia, "Yule mwanamke amesimama sokoni akanitetea. Kwa nini? Mtu hamtetei anayemchukia hivi hivi. Kuna kitu anakijua." Halafu akauliza kama mimi najua ni kitu gani. Nikasema sijui. Kwa hiyo sasa nimemdanganya mara mbili, na huu wa pili siwezi kusingizia kwamba nilikuwa mtoto.

Mheshimiwa, nataka kumwambia. Na naogopa. Mama yangu si mtu wa kusamehe. Dada yake wa tumbo moja hajasema naye tangu mwaka 1991 kwa sababu ya nani arithi cherehani ya bibi. Humkaribisha mezani, humpakulia, ila hamwangalii. Nimekaa meza ile nikaona jinsi inavyokuwa. Nikimwambia kwamba mimi ndiye niliyemwacha, si wewe uliyemnyang'anya, huenda na mimi nikawa nawekewa sahani namna hiyo maisha yangu yote. Hana mtoto mwingine, na mimi sina mama mwingine.

Lakini kila akikutukana najiona nimekupandia mgongoni, mtu mzima na miguu yangu yote miwili. Umebeba vya kutosha. Ulichokifanya ulikifanya pamoja nami, kwa hiyo siwezi kukifungua bila wewe. Naomba ruhusa yako.

Bilyana

*

Belokamen, 30 Mei 2004

Bilyana mwanangu,

Unaniomba ruhusa na mimi nimerudisha hadi funguo za kabati. Sina mamlaka tena. Lakini sitajificha nyuma ya hilo, maana umeniuliza kama mtu na si kama mahakama.

Barua iliyopita nilikuambia mwache anikasirikie, nikajifanya shujaa. Lyubomir aliisoma kabla sijaituma akaniambia, Zlatina, unadanganya watoto. Basi nikuambie ilivyo. Mji huu una mtaa mmoja wa maana. Kwa miaka kumi na saba mama yako akiniona anavuka upande wa pili, akiwa na mizigo, kwenye theluji, hata mwaka ule alipovunjika mguu. Kuna siku alitaka kuteleza na sikuweza kumshika kwa sababu nilijua atakataa mkono wangu. Nilipokuambia acha anikasirikie mimi, nilikuwa na miaka arobaini na minane na niliona ni jambo jepesi. Halikuwa jepesi. Nimechoka, na ningependa kabla sijafa kwa kweli yule mwanamke anisalimie.

Hiyo ni haja yangu, isikusukume. Wewe ndiye mwenye cha kupoteza. Mimi nikikosa, nitakuwa nimekosa salamu. Wewe ukikosa, umekosa mama, na sina namna ya kukuhakikishia kwamba hutakosa. Nimeona akina mama wakisamehe mambo makubwa kuliko hayo na nimeona wakishindwa kusamehe kijiko.

Ukimwambia, nakuomba mambo mawili. Usinitetee hata kwa neno moja, maana atadhani tulipanga dhidi yake. Na usimwambie tu ulichosema, mwambie na kwa nini ulisema. Mimi niliuliza sababu, ukanipa, na haikuandikwa popote. Jibu lako lilikuwa zito, lakini kilichonifanya nikate kesi vile ni ile sababu. Yeye hajawahi kuisikia.

Tsveta anakusalimu. Yeye pia hakusema kwa mtu miaka yote hii, na yeye husema kila kitu.

Zlatina

*

Belokamen, 6 Juni 2004

Mheshimiwa hakimu,

Natia barua hii kwenye sanduku lako mwenyewe, siko mbali nawe hata hatua mia tatu, lakini kugonga mlango siwezi. Uso wangu haufai.

Nilimwambia jana. Nilifika saa tano, alikuwa anapiga pasi. Nilisimama karibu na mlango nikasema yote mfululizo, tufaha, yai, mpiga chapa, na lile jibu la baadaye kwamba niliogopa. Sikukutetea. Alisikiliza bila kunikatiza, na mama yangu hukatiza hata redio. Nilipomaliza akazima pasi, akaikunja nguo aliyokuwa akiipiga, akaingia chumba cha kushonea akafunga mlango. Nikasikia cherehani.

Mpaka sasa hajasema neno. Ameniwekea chakula mara tatu. Sahani, kijiko, mkate, kila kitu mahali pake, na haniangalii. Ni kama vile anavyomfanyia mama mdogo.

Nimeomba likizo hadi Jumatano. Nitakaa hadi Jumatano, baada ya hapo sijui. Usijilaumu. Nilitaka mwenyewe, na ningemwambia hata ungenikataza.

Bilyana

*

Belokamen, 9 Juni 2004

Hakimu Parusheva,

Sijui nikuiteje. Miaka kumi na saba nimekuita jina ambalo siliandiki, na "mheshimiwa" mkono unagoma. Nitakuita dada, kwa umri ni sawa, na usiponipenda utanivumilia.

Dada, mimi si mwandishi, kwa hiyo nitasema kama nisemavyo kwa mteja. Kwanza ile habari ya tangazo. Ulisimama sokoni ukawaambia watu kwamba Nevena aliona ni la uongo. Hapo ulinisingizia akili nisiyokuwa nayo. Niliamini umekufa kama wengine wote. Nililichana kwa sababu ulikufa kabla sijakuuliza. Nilishajipangia zamani: siku atakapovua lile joho hatakuwa hakimu, atakuwa mwanamke kama mimi, na hapo nitamsimamisha barabarani nimuulize, nilikosa nini? Ni swali moja tu. Nimelishona kwenye kila gauni nililoshona tangu mwaka 1987. Halafu natoka kununua dawa ya kikohozi nakuta picha yako na fremu nyeusi. Nikaona umeondoka na jibu langu. Ndiyo maana nikalichana, na nililia njia nzima hadi nyumbani, na waliodhani nalia kwa hasira walikuwa wamekosea nusu.

Na uliponijia ukiwa hai, nikavuka barabara. Utasema mwanamke huyu ana wazimu, alilitaka jibu na jibu limemfuata kwa miguu. Niliogopa, dada. Mtu akikaa na swali muda mrefu huanza kulihofia jibu lake.

Jumamosi Bilyana akanipa jibu. Amesimama mlangoni kama anasomewa shitaka. Nami nikanyamaza, siku hiyo na Jumapili na Jumatatu, na najua amekuandikia kwamba namwadhibu, kwa sababu nilimwona dirishani akienda na bahasha upande wa kwenu. Sikuwa namwadhibu. Nilikuwa nashindwa kumtazama kwa aibu. Miaka yote hii nimejipekua hadi mifukoni. Labda nilifanya kazi mno. Labda nilikuwa mkali. Labda ni siku ile nilipomchapa kwa ajili ya mkasi wangu wa kukatia hariri. Nilikuwa na orodha, dada, ndefu, na kila mwaka niliongeza. Kumbe sikukosa kitu. Mtoto alimwonea huruma mtu asiyejua kupika, na akaona mama yake ni mwanamke anayeweza. Hakuna aliyewahi kunisifu namna hiyo, na sifa yenyewe ndiyo iliyoninyima mtoto.

Sasa nikuambie jambo ambalo yeye sijamwambia na sitamwambia. Kama ungeandika alivyosema, ile karatasi ningekuwa naisoma hadi leo. Ile sababu yake nisingeiona. Ningeona neno "baba" tu. Najijua nilivyo. Ningemlipiza mtoto wa miaka tisa. Nisingempiga wala kumtukana. Angekuja Jumapili ningemlisha vizuri, ningemvika vizuri, na nisingemtazama, hadi mwenyewe angechoka kuja. Dada yangu wa tumbo moja anajua ninavyoweza. Wewe ulikuwa na nusu saa tu na mtoto wangu, ukaniona mimi jinsi nilivyo bila hata kuniita chumbani. Ukaniondolea njia ya kumlipiza. Sikukuomba, na nilikulipa kwa matusi.

Jana mchana nikazima cherehani nikatoka. Alikuwa mezani na mkoba wake umeshafungwa. Nikamwambia, "Hukunikosea. Wala mimi sikukukosea. Sasa fungua huo mkoba." Akalaza kichwa mezani akalia kama vile ana miaka tisa, na nikakaa naye. Nilimtazama hadi akaniambia mama, inatosha sasa.

Nasikia ukumbini mji mzima ulisimama kukushukuru, hadi yule mwizi wa magogo. Mimi sikuwepo. Basi hotuba yangu ni hii, uisome peke yako: asante kwa kuniachia nikuchukie, kwa sababu ndivyo nilivyobaki na mwanangu. Njoo Jumatatu nikushonee gauni. Lile la bluu, nimeambiwa, mabega hayakukaa.

Ningeandika zaidi, una haki ya kurasa nyingi kuliko hizi. Lakini basi la Burgas linaondoka saa nane. Nimebakiwa na saa moja na mtoto wangu, na sitaimalizia kwako.

Nevena